Kumi na Sita ya Opereta

Akikuita kwa jina lako, ujue umemuudhi. Siku za kawaida alituita kwa mahali tunapopatikana. Mimi nilitunza ghala, basi nikawa Ghala. Dada wa mlangoni akawa Mapokezi. Meneja, mtu mzima mwenye kitambi chake cha heshima, akawa Juu kwa kuwa ofisi yake ilikuwa ghorofani, na aliitika. Tulipomwuliza sababu, alisema majina ya watu hayamsaidii kitu, kila kijiji kimejaa akina Hamisi. Yeye anataka kujua mtu yuko wapi, na apitie kwa nani ili amfikie. Nasi hatukubaki nyuma. Tulimwita Opereta, na hadi leo nikilitamka jina lake la kweli nahisi namtaja mtu mwingine.

Uopereta wenyewe ulikuwa wa zamani. Kabla sijamfahamu alikaa miaka mingi mbele ya ubao wa simu pale Korogwe, ubao wenye matundu na nyaya. Ukitaka Lushoto ulimwomba yeye, akachomeka waya kwenye tundu la Lushoto na kusema, "Korogwe hapa, tunasikilizana?" Baadaye ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe, na nyuma yake ikaja ile miaka ya soko huria. Mashamba ya mkonge yakauzwa, viwanda vikapata wenyewe wapya, watu wakapunguzwa kazini, naye akiwemo. Mtaani walitegemea atafungua genge la vitumbua. Yeye akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, mama wa makamo katikati ya vijana, akarudi na miwani na cheti, na kampuni yetu ikamchukua.

Kampuni yetu ilikuwa mojawapo ya zile za binafsi zilizoota kama uyoga. Tuliuza mbegu na mbolea, tukanunua mahindi. Makao makuu yalikuwa Korogwe, tawi lilikuwa Handeni, halafu tulikuwa na vituo viwili huko shamba kabisa: Magoma upande wetu, na Mazingara upande wa Handeni. Kila mahali palikuwa na kompyuta, mlingoti wenye antena, na kisanduku chenye taa ndogo kinachoitwa ruta, ambacho kazi yake ni kupokea ujumbe na kuupeleka unakotakiwa. Opereta aliajiriwa kuhakikisha visanduku hivyo vinafikiana. Na vilifikiana. Aliyemshinda kumfikia alikuwa mtu mmoja tu duniani, mdogo wake wa kiume, na ni kwa ajili ya mtu huyo nimekaa kuandika haya.

Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya ghala langu. Ndicho chumba pekee chenye kiyoyozi katika jengo zima, kwa faida ya mashine, si yetu. Mchana wa Korogwe, jua limelala juu ya mabati na hewa ya mto imesimama, nilikuwa natafuta visingizio vya kuingia. Mle ndani kulikuwa na mvumo mmoja usiokatika na taa za kijani zikipepesa, na Opereta katikati yake amevaa sweta la zambarau juu ya kitenge utadhani yuko Lushoto. Dirishani milima ya Usambara ilijitokeza na kupotea mawinguni. Ukikaa kidogo unasahau ulilofuata. Nikikumbuka mchana ule leo, sina hakika ni mara ngapi nilikuwa macho na mara ngapi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti cha plastiki huku yeye akiongea. Nilikuwa naitikia, nikidhani anaongea nami, kumbe anaongea na ruta.

Kuna amri ya kompyuta ya kutuma kijiujumbe kituo kingine ili kuona kama kinajibu. Vijana wa Dar walikuwa na jina lao la jambo hilo. Yeye aliita kupiga hodi. Anapiga hodi Handeni, anangoja, kioo kinaandika jibu, naye anasema taratibu, "Karibu." Magoma nayo hivyo hivyo. Na alikuwa na adabu zake: hodi tatu zisipojibiwa, anaacha, anakwenda kuchemsha chai, anarudi baadaye. Fundi mmoja wa Dar alipokuja na kuiacha kompyuta yake ikipiga hodi Mazingara mfululizo asubuhi nzima, Opereta alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia na viatu hadi chumbani.

Alinifundisha kazi yake bila mimi kuomba. Siku moja alinikuta napanga magunia akaniuliza: nikipewa gunia la kwenda Mazingara, nalipeleka wapi? Nikasema nampa dereva wa Handeni. Akauliza kama ninaifahamu njia ya kutoka Handeni hadi Mazingara. Nikasema siifahamu na hainihusu, Handeni watajua wenyewe.

"Basi wewe ni ruta," akasema. "Ruta haijui safari nzima. Inajua wa kumkabidhi."

Nilijiona mtu wa maana siku nzima.

Kulikuwa na namna mbili za kuifanya ruta ijue wa kumkabidhi. Ya kwanza ni kuiandikia kwa mkono: mzigo wa Mazingara, mpe Handeni; mzigo wa Magoma, mpe Magoma mwenyewe. Unaandika mara moja na inabaki hivyo hadi wewe uje kuifuta. Aliipenda namna hiyo kwa sababu ilifanana na ubao wake wa zamani, kila waya na tundu lake. Ubaya wake ni kwamba njia ya mkono haina macho. Kituo kikizimika, ruta inaendelea kukabidhi mizigo hewani kwa uaminifu wote, kwa kuwa hakuna aliyeiambia. Namna ya pili ni kuziacha ruta ziambiane zenyewe. Kila baada ya muda mfupi kila moja inamweleza jirani yake zile sehemu inazozifahamu na umbali wake, na jirani naye anaeleza zake. Jirani wa mlango kwa mlango ni moja. Wa kupitia kwa jirani ni mbili. Unaongeza moja kila unapopita mkono wa mtu, na ikifika kumi na sita, ruta inahesabu kwamba mahali hapo hapafikiki tena.

Namba hizo zilitoka chumbani kwake zikaenea ofisi nzima. Meneja akiwa amejifungia na wageni, Mapokezi alikuambia, "Juu leo ni kumi na sita." Chumvi ikiwa karibu na mkono wako wakati wa chakula cha mchana, ilikuwa moja. Mke wangu nyumbani aliniuliza hizi hesabu ni za kanisa gani.

Meneja alitaka namna ya pili, kwa sababu vituo vya msimu vilikuwa vinafunguliwa na kufungwa. Opereta alibisha karibu mwezi mzima. Mashine kupiga soga, alisema, ni kutafuta balaa. Na huyo anayesema hivyo ndiye mtu aliyependa habari kuliko wote niliowahi kuwajua. Alijua nani kahamia Manundu, nani kamwacha nani, basi lipi limekwama Segera. Alikemea umbea kwa sauti ya chini, kisha akavuta kiti. Siku za Jumapili alikwenda kanisani, na mwezi wa Ramadhani alifunga na majirani zake hadi saa sita mchana, akasema nusu ile ni ya ujirani. Alipomaliza kubisha akaziacha ruta ziambiane, na baada ya wiki mbili huwezi kumwondoa mbele ya kioo, anatazama habari zinavyopita kutoka Magoma hadi Mazingara bila yeye kugusa kitu, anatabasamu peke yake.

Aliyemgeuza ni mama wa maziwa. Huyu alikuwa mama wa Kimaasai kutoka tambarare za Handeni, aliyeleta maziwa ofisini kwa kibuyu na baadaye kwa dumu. Opereta alikuwa ameona wafugaji wawili wakikutana barabarani, wamesimama na fimbo zao, mmoja anamwaga maneno na mwenzake anaitikia tu ee, ee, ee, hadi mwisho, kisha wanapokezana. Akamwuliza mama wa maziwa wanaambiana nini muda wote ule. Mama akasema hizo ni ilomon, habari za njia: majani yako wapi, kisima kipi kimekauka, ng'ombe gani wanaumwa, nani kafa, nani kazaa. Mtu hapiti bila kutoa zake na kupokea za mwenzake, kwa sababu maisha ya ng'ombe wake yamo humo. Opereta akarudi chumbani akaniambia ruta zake ni Wamaasai.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake. Ruta zina sheria moja iliyowekwa na waliozitengeneza: habari uliyopewa na jirani usimrudishie jirani yule yule. Kwa Korogwe ilibidi sheria hiyo izimwe, kwa kuwa antena moja ya Korogwe ilizungumza na Handeni na Magoma kwa pamoja, na habari za huyu zilipaswa kutoka kwenye antena ile ile kumfikia yule. Hadi hapo sawa. Lakini Opereta aliizima sheria hiyo na kwenye ruta ya Handeni pia, ambako haikuhitajika izimwe hata kidogo. Nilimwuliza kwa nini. Alisema haiwezekani mtu akusalimie, akupe habari zake zote, wewe ukae kimya kama umekosana naye. Hayo hayakuwa malezi yake. Kwa hiyo alizima kwa adabu.

Sasa nimseme mdogo wake.

Wawili hao walikulia kambini, kwenye nyumba za mstari za shamba la mkonge karibu na Magoma, watoto wa watu waliokuja kukata mkonge kutoka mbali na hawakurudi kwao. Makabila yalichanganyika pale, dini zikachanganyika, hata vyungu vilichanganyika. Ndugu wa damu aliyekuwa naye ni huyo mmoja. Shamba lilipouzwa, kijana alipunguzwa, akasema anakwenda kutafuta maisha upande wa Handeni, akapanda lori la mkaa linalorudi tupu. Hakuleta barua wala salamu. Opereta, aliyewaunganisha watu wa wilaya nzima na jamaa zao wa Dar na Moshi na Arusha, akakaa na waya mmoja mkononi asijue auchomeke wapi.

Basi aliuliza. Aliuliza makondakta stendi, aliuliza wauza machungwa wa Segera, madereva wetu, watu wa mnada wa ng'ombe, mama wa maziwa. Na wote hao Opereta mwenyewe aliwaeleza kijana alivyo: mwembamba, ana pengo la jino la mbele, hupiga mluzi unaovuja hewa kwenye pengo hilo, ana kovu la mwiba wa mkonge mkono wa kushoto. Akawasihi wawaambie na wenzao. Na habari zilirudi. Kondakta alikuja hadi dirishani kwake kumwambia, mama, kuna mtu Mazingara, ana pengo, anapiga mluzi. Opereta aliomba ruhusa akaenda. Mazingara wakamwambia ni kweli wamesikia, ila ameshasogea, yuko Kwamsisi. Akaenda Kwamsisi. Kwamsisi wakasema yuko mbele zaidi, na wakamtajia kovu la mkono wa kushoto kabla hajaliuliza. Alirudi na vumbi kwenye kilemba na uso wa bibi harusi. Hakumwona, lakini yuko hai, anasogea tu. Nilifurahi naye. Safari zile alizifanya misimu kadhaa, na kila mara mdogo wake alikuwa kijiji kimoja mbele.

Kisha ukaja ukame, na ng'ombe wakaletwa karibu na kituo chetu cha Mazingara kufuata maji. Ng'ombe anapowashwa hujikuna popote. Hawa waliziona nyaya zinazoshika mlingoti wetu, wakajikuna hapo kwa zamu, hadi mlingoti ukalala chini na antena yake. Mazingara ikazimika. Hilo lingekuwa dogo, lakini mtandao wote kati ya Korogwe na Handeni ukawa mzito kama uji wa jana. Juu alishuka ngazi mwenyewe kuuliza kuna nini. Nilimkuta Opereta ameganda mbele ya kioo. Umbali wa kwenda Mazingara ulikuwa unapanda mbele ya macho yake. Nne. Sita. Nane. Kila akitazama, Mazingara imesogea mbele kidogo.

Alipokuja ghalani kunieleza, alichukua vizibo vya soda akavipanga juu ya kaunta yangu. Hiki Korogwe, hiki Handeni, hiki Mazingara. Mama wa maziwa alikuwa mlangoni anamimina maziwa ya chai, na chai ilikuwa imeshaanza kuchemka. Opereta akakiondoa kizibo cha Mazingara akakitia mfukoni mwa sweta.

"Handeni haimwoni tena Mazingara," akasema. "Lakini Korogwe inaiambia, mimi nampata, kwangu ni mbili. Handeni inafurahi, inasema basi kwangu ni tatu. Korogwe inasikia tatu kutoka Handeni, inasema kwangu ni nne. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyemwona."

Mama wa maziwa akacheka kidogo, akafunga dumu lake. "Sisi mtu hatumrudishii habari yake mwenyewe," akasema. "Ukimrudishia, atadhani ni mpya."

Mkono wa Opereta ulikuwa juu ya vizibo. Ukabaki pale pale. Nilisikia mvumo wa chumba cha mitambo kupitia ukutani, na chai ikifurika ikazima moto, na hakuna aliyeinuka kuitazama.

"Lile pengo," akasema. "Nani aliwaambia habari ya pengo?"

Sikumwelewa. Nikasema watu wa Mazingara walimwona, si yeye Opereta mwenyewe alitusimulia.

"Mimi ndiye niliyewaambia. Mluzi, mimi. Kovu, mimi. Nimempa kondakta, kondakta kampa mwenzake, imezunguka imenirudia." Akanitazama. "Ghala, hakuna mtu aliyemwona."

Sijui kumfariji mtu, sikupewa kipaji hicho. Nilimwekea kiti. Mama wa maziwa alikaa chini kwenye gunia la mbegu, akamshika kifundo cha mguu, akakaa hivyo hivyo, na maziwa yetu yakachacha siku ile. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Nadhani na mimi nilikuwa nimeshampenda yule kijana wa mluzi, aliyekuwa anatembea vijiji mbele yetu, na sasa kumbe tulikuwa tunakimbiza maneno yetu wenyewe.

Kesho yake alirudi kazini mapema. Aliirudisha ile sheria Handeni, na njia ya Mazingara akaiandika upya kwa mkono, ingawa mlingoti ulikuwa bado umelala. Mlingoti ulipoinuliwa na kuzungushiwa miiba, njia ilikuwa tayari inangoja.

Kuuliza hakuacha, ila aliuliza tofauti. Hakumwelezea mtu tena. Alimwuliza kondakta kama kuna wageni huko anakotoka, wakoje, akanyamaza ajibiwe. Wengi hawakuwa na la kujibu, na kwa mtu wa kupenda habari kama yeye kimya kile kilikuwa kigumu. Nilipomdadisi, aliniambia kuna neno moja ambalo hajawahi kumpa mtu yeyote, si kondakta, si mama wa maziwa, na hatanipa mimi. Ni neno la mdogo wake. Habari ikija na neno hilo ndani yake, atajua haikutoka kwake yeye, na njia ni nzima. Nilimsumbua miaka mingi anitajie. Nilimtega kwa chai, kwa machungwa, kwa uongo. Wapi.

Mara moja tu nilikosa busara. Tulikuwa tunafunga ofisi, mvua inanukia kutoka mlimani, nikamwambia labda wakati umefika ahesabu kumi na sita apumzike. Hakukasirika, hata jina langu hakuliita. Alisema ruta ikiambiwa mahali fulani hapafikiki, haifuti mara moja. Inashikilia kwanza, inangoja, isije ikawa ni wingu tu lililopita. Nikamwuliza inangoja muda gani. Akasema inategemea aliyeiandika.

Kampuni ilikufa kama ilivyoota. Zilikuja kubwa kuliko sisi, zenye minara yake na magari meupe, na siku moja Juu alitukusanya akatushukuru. Opereta alichukua sweta na kile kizibo cha Mazingara, akaenda kufuga kuku Manundu. Mimi nikajiingiza kwenye biashara ya mahindi. Simu za mkononi zilienea hadi kwa wapasua kuni, yeye akazikataa katakata. Simu isiyo na opereta, alisema, ni kupiga kelele kwenye giza. Kumpata ilibidi uende kwake upige hodi, na ukishaingia, ujiandae. Mama wa maziwa alikuwa amemharibu kabisa: hukai, hupewi maji, hadi umemaliza ilomon zako zote tangu ulipotoka hadi ulipofika, naye anaitikia ee, ee, amefumba macho.

Ndivyo ilivyokuwa mara ya mwisho nilipokwenda. Nilitoka moja kwa moja safarini, nimenunua mahindi Mazingara.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Ghala. Toa."

Nikatoa. Nikamwambia barabara ya Mkata ilivyo, bei zilivyo, mvua ilivyoishia njiani. Nikamwambia bodaboda wangu alipata pancha mbali na kijiji, tukasogea hadi boma moja la wafugaji kuomba maji, na nyumba zao siku hizi zina mabati. Kulikuwa na mama anashona shanga kivulini. Akamwita binti yake ndani, Daleo, mletee mgeni maji. Binti akaleta kwenye kikombe cha bati, maji ya baridi, nikanywa yote. Baada ya hapo pancha ikazibwa, nikamwambia, tukaendelea hadi—

"Ee" yake ilikuwa haijaja. Nikamtazama. Macho yalikuwa wazi.

"Rudia," akasema.

Nikarudia pancha.

"Alimwitaje?"

"Daleo. Nilidhani ni jina la Kimaasai."

Kuku wakaingia ndani, hakuwafukuza. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Alipokuwa anasoma shule ya mbali na kambi, siku nyingine alilala huko. Kila asubuhi mdogo wake alimfuata mlangoni, hajajua kusema vizuri, anamwuliza: Dada, leo? Alitaka kujua leo atarudi, au hatarudi. Dada leo, dada leo, ikawa Daleo, na likawa jina lake yeye Opereta, kwenye kinywa cha mdogo wake tu. Mama yao hakuwahi kulitumia.

"Sijampa mtu neno hilo," akasema. "Hata wewe."

Nilisimama nikatoa simu. Nilikuwa na namba ya mfanyabiashara wa pale Mazingara, angeweza kumtuma mtu bomani mara moja, aulize baba wa yule binti ni nani, yuko hai, anatokea wapi. Akaushika mkono wangu akaurudisha mfukoni.

"Usimpigie mtu. Hii haipiti mkononi mwa mtu."

Asubuhi nilimpeleka stendi. Alivaa lile sweta la zambarau, limechujuka, na joto lote lile. Nilimlazimisha kuchukua simu yangu ya akiba, nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza, akaipokea kwa ncha za vidole na kuitumbukiza mfukoni. Kondakta, kijana asiyemfahamu, alimwuliza bibi unakwenda wapi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijibu neno moja tu, Mazingara, hakuongeza habari. Nilitamani kupanda naye. Hakunikaribisha. Basi likaingia barabara ya Segera, na milima nyuma yangu ilikuwa imefunikwa yote, nikarudi nyumbani nikakaa na simu mapajani. Mke wangu aliongea nami mara kadhaa, sijui alisema nini. Kuna saa nadhani nilisinzia, nikasikia ule mvumo wa chumba cha mitambo, nikaona taa za kijani.

Simu iliita jua likiwa limeshapoa. Kwanza nilisikia upepo, na kengele za ng'ombe. Halafu ile sauti ya ubao wa zamani, ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa kazini.

"Korogwe, tunasikilizana?"

"Tunasikilizana, dada."

Nyuma yake kulikuwa na mtu anaita ng'ombe kwa mluzi, mluzi mbaya, unaovuja hewa. Opereta akaniacha nisikilize.

"Ghala," akasema. "Ni moja."